Mashini Tuliyoiacha Nusu

Bunia, kartiye Bigo, tarehe 8 octobre 2023

Mujomba Adrien,

Nakusalimia sana, weye na muke wako mama Adeline na wote wa kwako kule Mahagi-Port. Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Mama, dada yako, magoti inamusumbua tangu mvua ianze, lakini misa ya asubui haikosi. Alivuna maharagi nyuma ya nyumba, beseni mbili, na anauliza kama bado unakula chumvi mingi.

Miye mwaka huu walinipa kufundisha fizikia, classe ya troisième des humanités, kwenye masomo, shule ile ile ulifundisha weye. Wanafunzi makumi ine na saba, kitabu moja, na ni yangu. Kuko ordinateur ine, zile kompyuta, zinafungiwa kwa bureau ya prefe, mukubwa wa masomo. Siku moja alitufungulia, tukaingia kuzitazama. Mutoto mumoja, Orly, binti asiyejua kumeza swali, akaniuliza: «Madame, hii kitu inafikiri na nini?»

Nikamujibu: «Na courant, umeme.»

«Courant ya kwenye ampule ya taa nayo ni courant. Mbona ampule haifikiri?»

Classe yote ikacheka, na miye nikacheka nao. Lakini lile swali nililibeba mpaka nyumbani.

Juma iliyofuata nilikuwa natafuta carte, ramani ya Afrika, kwa depo. Nyuma ya mabanki ya kukalia yaliyovunjika nikakuta ubao, urefu wa metre moja. Juu yake kuko visanduku vyeusi kumi na mbili, kama vile vya camion, na waya nyekundu na kijani, na ampule tatu. Nilipougeuza nikaona maandiko ya crayon: «2 + 3 = 5. Adrien, Clémence. Avril 2003.» Mukono wako naujua, Mujomba. Nilikuwa na miaka munane mwaka ule, na nakumbuka ulikuwa unanichorea vyura kwenye daftari.

Nilimuuliza Mama. Alisema tu: «Mwandikie. Kwa simu hatakuambia kitu.» Basi nakuandikia. Mashini hii ilikuwa ya nini? Inaweza kumalizika? Na Clémence ni nani?

Mama Vahwere anashuka Kasenyi kesho, kutoka pale anapanda boti mpaka kwenu kununua samaki. Ndiye atakupa hii barua, usishangae ikinuka.

Muipwa wako,
Faida


Mahagi-Port, tarehe 5 novembre 2023

Muipwa wangu Faida,

Barua yako imefika, na ilinuka kweli. Tunakushukuru. Adeline iko muzima, analea wajukuu wawili wa dada yake ambao wanamukimbiza kutoka asubui mpaka magaribi. Ziwa limekuwa na hasira mwezi huu, wavuvi wanabaki inchi kavu, na wanapobaki inchi kavu ndipo wananiletea mashini zao za mitumbwi. Kwa hivyo kazi haikose. Mwambie dada yangu chumvi nimepunguza. Asimuulize Adeline.

Sikujua ule ubao unaishi bado. Nilifikiri uliishia kwa moto wa kupika.

Faida, usianze na mashini. Watoto wataona waya mingi na wataogopa. Anza na batri ya piki, ampule moja na interrupteur mbili. Panga interrupteur mbili kwa musitari, moja nyuma ya ingine: ampule inawaka tu kama umebonyeza ya kwanza NA ya pili. Kisha uzipange kando kando, kila moja na njia yake: inawaka ukibonyeza hii AO ile. Waache wabonyeze wenyewe, kila mumoja, hata kama inakula saa yote. «Na» na «ao», maneno mbili tu. Mashini yote imejengwa na haya.

Kisha waulize: nani anabonyeza? Kidole. Sasa tutoe kidole. Fungua kimoja cha vile visanduku vyeusi. Vinaitwa relais, tulivitoa kwenye camion zilizokufa kando ya njia ya Mongbwalu. Ndani utaona waya mwembamba umezungushwa kwenye chuma mara mia nyingi. Courant ikipita mule, chuma inageuka sumaku. Sumaku inavuta kilimi kidogo, unasikia «tak», na kile kilimi kinafungua njia ya courant ingine. Umeelewa? Courant moja inabonyeza interrupteur ya courant ya pili, na ya pili ya tatu. Mwambie Orly kwamba ampule haifikiri kwa sababu haina mutu wa kumwambia. Relais zinaambiana.

Nilikuwa nasahau vile ile «tak» inafurahisha. Siku za alasiri, dirisha wazi, tulikuwa tunasikia wauzaji wa makayabo, samaki ya chumvi, wakipita, na ndani ya classe zile relais zikijibizana. Vijana wa kila kabila walikuwa kwenye meza moja, wakigombana juu ya waya tu. Bunia ilikuwa tayari inaungua na vita pembeni, lakini saa mbili kwa siku siye tulikuwa na kazi ingine.

Nakuchorea mupango kwenye karatasi ya pili.

Mujomba wako,
Adrien


Bunia, tarehe 26 novembre 2023

Mujomba mupenzi,

Tunakusalimia. Mama alisoma mwenyewe ile neno ya chumvi na alicheka mpaka akakaa chini. Huku mvua imeharibu njia ya sokoni, viatu vinabakia kwa matope, lakini siye wazima.

Nilifanya vile ulisema. Makumi ine na saba walibonyeza, mumoja mumoja. Ilikula saa mbili na prefe alikuja kuchungulia mara tatu. Nilipofungua relais na ikasema «tak» mbele yao, Orly akasema: «Fanya tena.»

Sasa wanaleta relais kutoka kwa magaraji. Tumepata ingine kumi na tisa. Baba mumoja alikuja kulalamika kwamba camion yake haipige tena klaxon. Tukatafuta kati ya zote mpaka tukamurudishia ya kwake.

Jambo moja ilitusumbua. Ampule ya mwisho ilikuwa inawaka hafifu kama mutu anayesinzia. Watoto wakasema batri imechoka. Nikawaambia washike waya. Waya mwembamba tuliotumia ulikuwa moto! Tukaelewa kwamba courant ilikuwa inaacha nguvu yake njiani, kama mutu anayebeba maji kwa ndoo yenye matundu. Tukaweka waya munene, na ampule ikaamuka. Loi ya Ohm, ile sheria niliyoifundisha miaka mitatu kwa chaki kwenye masomo ingine, waliielewa na vidole ndani ya dakika tano. Niliona haya kidogo, Mujomba. Miaka mitatu.

Wanataka kujua sasa: «na» na «ao» zinahesabu namna gani?

Haukujibu juu ya Clémence.

Faida


Mahagi-Port, tarehe 20 janvier 2024

Muipwa wangu,

Heri ya mwaka mupya, na utusamehe kwa kuchelewa. Boti zilisimama majuma matano. Kwanza mawimbi, kisha watu wenye silaha walionekana huko kusini, na hakuna musafiri aliyetaka kushuka Kasenyi. Vahwere mwenyewe alisherehekea Noeli kwetu, akamufundisha Adeline kupika sombe, majani ya muhogo, na karanga kwa namna ya Wanande. Sasa iko karibu kuondoka na naandika upesi.

Kuhesabu: waambie mashini haina vidole kumi. Iko na kidole kimoja, kinasimama ao kinalala. Moja na sifuri. Kujumlisha sifuri na sifuri ni sifuri. Moja na sifuri ni moja. Moja na moja ni mbili, lakini mashini haina namba mbili: inaandika sifuri na kubeba moja kwenda kushoto, vile siye tunavyobeba tukifika kumi. Basi unahitaji ampule inayowaka kama kimoja tu kimesimama, na inayozimika vikisimama vyote viwili. Wanaijua hii! Ni taa ya couloir ya hospitali: interrupteur kwenye mulango huu na ingine kwenye mulango ule, va-et-vient, ukibonyeza yoyote taa inabadilika. Na ile moja ya kubeba? Ni «na» yako ya siku ya kwanza.

Kisha uipe mashini ukumbusho, ishike namba bila kidole. Chukua relais, na njia ile inafungua uirudishe kwenye waya wake mwenyewe. Unabonyeza mara moja, inavuta kilimi, na kile kilimi kinaendelea kuipa courant. Unatoa kidole, yenyewe inajishika. Haiachi mpaka umekata batri. Siku ya kwanza tulipoifanya, mutu mumoja alitoa kidole polepole, akangojea, kisha akapiga makofi peke yake katikati ya classe. Sijawahi kuona mutu kufurahi namna ile kwa kitu kidogo namna ile.

Juu ya lile jina uliloandika: ilikuwa mwanafunzi.

Adrien


Bunia, tarehe 3 mars 2024

Mujomba Adrien,

Salamu kutoka kwa wote. Mama ameanza dawa mupya ya magoti na anasema ni ya bure, haisaidii kitu, lakini jana nilimuona anapanda kilima bila fimbo.

Nina mambo mengi na sijui kuyapanga, basi nitayasema vile yalikuja.

Mashini ilianza kujumlisha. Lakini relais zilikuwa zinapiga cheche kila zikiachia, na Fabrice, kijana wetu mwenye kushika waya, alipigwa na courant mpaka akaruka. Batri ya volti kumi na mbili tu! Relais ine zikaungua vilimi. Nikasimamisha kazi.

Kumbe radio ya hapa ilikuwa imezungumza juu yetu, masomo inayojenga ordinateur na vyuma vya camion. Siku iliyofuata, mwanamuke mumoja alikuja, umri kama makumi tatu na saba, fundi wa panneaux za jua na batri karibu na soko. Hakujitambulisha. Alitazama cheche mara moja na akasema: «Ile waya imezungushwa. Courant ikikatwa gafula haikubali kusimama, inasukuma, kama camion bila frein ikishuka kilima. Ndiyo inamupiga mutoto. Muipe njia ya kuzunguka mpaka ichoke.» Akafungua mukoba, akatoa diode, vidude vya kupitisha courant upande moja tu, akalehemu moja kwenye kila relais, zote, saa tatu bila kukaa. Cheche ikaisha.

Nikamuuliza: «Mama, ulisomea wapi?»

Akageuza ubao wa zamani, akaweka kidole kwenye jina. «Hapa.»

Kisha akaniuliza: «Mwalimu iko muzima?»

«Muzima. Iko Mahagi-Port.»

«Anafundisha?»

«Anatengeneza mashini za mitumbwi.»

Akafunga mukoba wake. Nikamuomba anielezee kwa nini uliacha. Akasema: «Muulize juu ya tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Miye sitasema kwa nafasi yake.»

Basi nakuuliza.

Faida


Bunia, tarehe 21 avril 2024

Mujomba,

Vahwere amerudi mara mbili na mikono mitupu. Anasema barua alikupa mwenyewe, ukaisoma umesimama, ukaiweka mufukoni na kurudi kwa mashini zako. Clémence anakuja sasa kila siku ya posho, jumamosi, kusaidia watoto. Hasemi kitu, na miye siulizi tena. Lakini kila akiingia anatazama kama niko na barua mukononi.

Mama anasema nisikusukume. Sikusukume. Nakuambia tu vile inaonekana huku.

Faida


Mahagi-Port, tarehe 2 mai 2024

Faida, mutoto wa dada yangu,

Leo siulizi habari. Nitaziuliza kisha.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano, mwaka 2003, ilikuwa asubui, saa ine hivi. Ndani ya nyumba yangu, pale Bigo, mulikuwa watu tisa: Adeline, miye, mama yako, weye, na watoto wa majirani. Mulikuwa mumelala chini ya kitanda. Vijana wenye silaha walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Walikuwa wa upande wetu, kama unaweza kuita ule upande, na walikuwa wanatafuta watu wa upande ule mwingine. Nyumba iliyowaficha, waliiwasha moto na wote ndani. Nilikuwa nimeona mbili zikiungua.

Mulango ukagongwa. Sio kwa nguvu. Nikasikia sauti: «Mwalimu, ni Clémence. Niko na David.» David alikuwa mudogo wake, miaka mitano. Alikuja kwangu kwa sababu alidhani mutu aliyemupa fer ya kulehemu mukononi hawezi kumufungia mulango.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ule mulango. Kati yetu kulikuwa mbao moja tu. Nilisikia mutoto anakohoa. Mukono wangu ulikuwa kwenye kifungio. Mama yako alikuwa ananitazama kutoka chini ya kitanda, na weye uliuliza: «Mujomba, ni nani?» Nikakujibu: «Hakuna mutu.»

Aligonga tena mara moja. Kisha nikasikia miguu ikienda.

Sikufungua. Nimehesabu ile hesabu kila siku, miaka makumi mbili na moja: tisa ndani, wawili inje. Watu watakuambia nilifanya vizuri. Mama yako aliniambia mara moja, nikamukataza kurudilia. Hesabu inaweza kuwa sawa na mutu akabaki na deni ambalo hesabu hailioni. Majuma mawili kisha nilishuka ziwani na sikurudi. Sikuweza tena kusimama mbele ya watoto na kuwaambia «uliza tu, usiogope». Nilidhani alikufa. Sikumutafuta kwa sababu niliogopa kujua.

Na sikukuambia kwa sababu ulikuwa ndani. Sikutaka ubebe kitu kilicho changu. Nisikilize: weye ulikuwa mutoto. Hakuna kitu chako hapa.

Ukipenda, mupe asome.

Adrien


Bunia, tarehe 26 mai 2024

Mujomba wangu,

Nilisoma barua yako mbele ya Mama. Alilia, akasema: «Nilitaka usifungue, Adrien. Nilikuomba na macho. Andika hivyo.» Nimeandika.

Miye nakumbuka ile siku. Nakumbuka harufu ya sabuni chini ya kitanda, na ile neno «hakuna mutu». Nililala usingizi kwa sababu uliniambia hivyo. Sijui nifanye nini na hii, Mujomba. Sikukasirikie. Lakini siwezi kusema pia kwamba hainihusu.

Nikampelekea Clémence. Alifunga duka, akasoma, akarudia kusoma ukurasa wa pili. Kisha akasema: «David alikufa kwa kipindupindu, njia ya Beni, siku kumi na moja kisha. Nilimubeba mugongoni. Nilimuzika na mikono.» Alisema bila kulia, kama mutu anayesoma carte.

Nilimuambia: «Mama Clémence, nilikuwa ndani.»

Akanitazama. «Nilijua kulikuwa watoto. Nilisikia sauti ya mutoto. Ndiyo sababu sikugonga mara ya tatu.»

Nilikaa chini pale dukani, kwenye batri. Akaniletea maji.

Kisha akasema: «Mwambie nilijua yuko nyuma ya mulango. Nilitaka aseme, hiyo tu. Sasa amesema. Kumusamehe, sijui, siku zingine ndiyo, siku zingine hapana. Lakini tarehe 22 juin watoto wanaonyesha mashini mbele ya wazazi, na ukumbusho bado unatusumbua, relais zinajishika vibaya. Yeye ndiye aliyetufundisha. Aje amalize somo.»

Njoo, Mujomba. Boti zinatembea.

Faida


Mahagi-Port, tarehe 14 juillet 2024

Muipwa wangu Faida,

Nimefika salama. Adeline alinipokea kama mutu aliyetoka safari ya ulaya na aliuliza kila kitu, mpaka rangi ya mapazia ya dada yangu. Wasalimie wote, na Fabrice, na Orly zaidi. Matokeo ya mitihani yakitoka, uniandikie.

Mashini uliiona mwenyewe, na yale makofi. Orly alibonyeza tano, akabonyeza sita, relais zikaimba, na ampule ine zikaandika kumi na moja, na ikakaa pale alipotoa kidole. Baba wa ile camion alilia kuliko wote. Sihitaji kukuelezea.

Nataka kukuambia kitu haukuona. Siku ile kabla ya maonyesho, ulipokwenda kuita watoto, tulibaki wawili ndani ya classe. Nilikuwa nimetayarisha maneno kwenye boti, maneno mengi. Nikasimama mbele yake na kuyaacha yote. Nikasema: «Clémence, nilikusikia.» Akajibu: «Najua.» Nikasema: «Nilimusikia na David.» Hapo alifunika uso wake. Nilisimama kando, sikumugusa. Sikuwa na haki. Tulikaa vile mpaka mukasikilika mulangoni. Akapanguza macho, akaninyooshea fer, akasema: «Relais ya saba, mwalimu. Nimeigeuza mara tatu.» Nikaikuta na waya ya kurudi imewekwa kwa muguu mubaya. Ni yeye aliyenishikia taa.

Kesho yake mulinipa chaki. Miaka makumi mbili na moja, Faida. Niliandika ubaoni kama mutoto wa première, mwaka wa kwanza, maandiko yakipanda juu. Nikawaambia: «Ulizeni, musiogope», na nilisikia sauti yangu ikisema vile, na niliendelea kufundisha.

Prefe ameniandikia kuuliza kama naweza kurudi septembre. Nimemujibu hapana, mapafu yangu na vumbi ya Bunia havipatani tena, na Adeline hataki kuacha ziwa. Lakini hapa kuko masomo ndogo karibu na soko ya samaki. Nimezungumza na directeur, nitaanza siku za posho, na batri moja na interrupteur mbili.

Jana Vahwere aliniletea barua. Nilifikiri ni yako, kumbe ni ya Clémence, ya kwanza. Ukurasa nusu. Hakuna neno ya zamani ndani. Anaandika kwamba siku ile, kabla ya kumi na moja kukaa, aliona ampule zikiandika namba ingine, ya uongo, muda wa kupepesa jicho. Ameifanya tena mara makumi tatu na inarudi. Anafikiri relais moja inawahi na ingine inachelewa. Anauliza: «Mwalimu, hizi mbili zilitoka kwa camion moja, ni za aina moja, courant ni moja. Kwa nini moja inatangulia?»

Sijui jibu. Zile mbili alizituma na barua, nimezifungua juu ya meza tangu asubui, springi moja inaonekana imelegea, lakini sina hakika. Wacha nikuage hapa, Faida, nimwandikie kabla Vahwere hajapanda boti.

Adrien